Kasoro zinazofanya metali ikunjike, na namna zinavyotambuliwa

Fundi friji wa Mwanga, hapa Kigoma, akipewa bomba la shaba lililokwisha kukunjwa na kunyooshwa mara mbili tatu, halikunji tena hivyo hivyo. Anawasha gesi, anapitisha moto juu ya bomba mpaka lianze kuwa jekundu kwa mbali, kisha analiacha lipoe. Mwenye haraka analimwagia maji. Baada ya hapo linakunjika kwa mkono kama limetoka dukani. Ukimuuliza moto ulikuwa wa nini, atakwambia shaba ilikuwa imekaza na sasa imelegea. Yuko sahihi, ila bado kuna mengi nyuma ya jibu lake. Shaba haikuongezwa kitu wala kupunguzwa kitu, na mkemia akiipima ataona ni shaba ile ile. Kilichobadilika ni wingi wa kasoro ndani ya fuwele zake.

Kabla ya kuendelea, tutenganishe mambo mawili yanayochanganywa sana. Mchomeleaji anaogopa nyufa, vitundu vya hewa na uchafu ulionaswa ndani ya mshono. Hizo ni kasoro za milimita na sehemu za milimita, zinatafutwa kwa wino unaopenya kwenye nyufa, kwa eksirei, au kwa mawimbi ya sauti kama yale yanayopitishwa kwenye reli, na zikionekana kazi inarudiwa. Kasoro za fuwele ni habari nyingine. Ni ndogo kuliko hizo mara mamilioni, zimo katika kila kipande cha metali uliyowahi kushika, na bila hizo hakuna bomba ambalo lingekunjika wala sufuria ambayo ingefinyangwa. Mhandisi hazitafuti ili azitupe. Anazitafuta ili ajue ziko ngapi, za aina gani, na zinaelekea wapi.

Fuwele zenyewe unaweza kuziona bila kifaa chochote. Tafuta bati la zamani lililopakwa zinki, lile la kijivu lisilopigwa rangi, uliangalie juani kwa pembeni. Utaona maua maua: mabaka yenye ncha, moja linang'aa na jirani yake limefifia. Geuza bati kidogo, lile lililofifia linawaka na lililowaka linazimika. Kila baka ni punje moja ya fuwele ya zinki, iliyokua wakati zinki ya moto ikiganda juu ya chuma. Ndani ya punje, atomi zote zimepangwa kwa mwelekeo mmoja. Punje ya jirani imepangwa kwa mwelekeo wake, ndiyo maana haziakisi jua kwa pamoja. Mstari unaozitenganisha ni mpaka wa punje, mahali ambapo mpangilio mmoja unaishia na mwingine unaanza. Hiyo tayari ni kasoro ya fuwele. Shaba na chuma vimejengwa hivyo hivyo, tofauti ni kwamba punje zake mara nyingi ni za sehemu ya mia ya milimita, hivyo macho matupu hayazifikii.

Ingia ndani ya punje moja ya shaba. Kutoka katikati ya atomi hadi katikati ya jirani yake ni nanomita 0.256 (nanomita ni sehemu ya milioni ya milimita), kwa hiyo milimita moja ina karibu atomi milioni 4 zilizojipanga. Katika msururu mrefu kiasi hicho, makosa hayakosekani. Pengine nafasi ya atomi iko tupu. Pengine imekaliwa na atomi ngeni, au atomi ndogo kama ya kaboni imejibana katikati ya kubwa za chuma. Hizo ni kasoro za nukta. Mipaka ya punje ni kasoro za bapa. Kati ya nukta na bapa kuna kasoro za mstari, ziitwazo dislokesheni, na hizo ndizo zilizomsumbua kila mtu kwa sababu zilijulikana kwa hesabu kabla hazijaonekana na yeyote.

Hesabu ilikuwa hivi. Mwaka 1926 mwanafizikia wa Urusi, Yakov Frenkel, alijiuliza: tabaka moja la atomi likitelezeshwa lote kwa pamoja juu ya jingine, linahitaji mkazo kiasi gani? Kwa shaba jibu linakuja kama gigapaskali 7, yaani megapaskali 7,000. Chukua sasa fuwele moja ya shaba safi, laini, uivute maabara: inaanza kuteleza kwenye megapaskali 1 au pungufu. Kadirio limezidi uhalisia mara maelfu. Pengo la namna hiyo halifichiki kwa kurekebisha namba. Lilimaanisha tabaka halitelezi lote kwa pamoja. Mwaka 1934 watu watatu, Geoffrey Taylor, Egon Orowan na Michael Polanyi, kila mmoja kwa njia yake, walitoa jibu lile lile.

Aliyewahi kusimama stesheni ya Tabora treni ya mizigo ikiondoka analijua jibu hilo kwa masikio. Kichwa kinaanza kuvuta, na unasikia ka, ka, ka, ka, kutoka behewa la kwanza hadi la mwisho. Viungio vina ulegevu kidogo, hivyo kichwa hakianzishi mabehewa yote kwa mpigo mmoja. Kinaanzisha moja, kisha la pili, kisha la tatu. Ndani ya fuwele, ulegevu huo ni dislokesheni. Vifungo vya atomi vinakatika na kuungana safu moja baada ya nyingine, na mstari wenye kasoro unasafiri. Ukishavuka fuwele nzima, sehemu ya juu imesogea hatua moja ya atomi juu ya ile ya chini, na hakuna wakati ambapo vifungo vyote vilikatwa pamoja.

Dislokesheni ina sura mbili za msingi. Ya kwanza ni ya ukingo: kati ya matabaka wima ya atomi kuna moja lililoingia kutoka juu na kuishia njiani, na mstari wa dislokesheni ni ule ukingo wake wa chini. Ya pili ni ya skrubu: ukiuzunguka mstari kwa kufuata tabaka moja, ukimaliza duara unajikuta kwenye tabaka linalofuata. Nyingi huwa mchanganyiko wa hizi mbili, zinapinda njiani, sehemu hii ukingo na sehemu ile skrubu. Kuna sharti moja lisilovunjika: dislokesheni haiwezi kuishia katikati ya fuwele nzima. Ama inajifunga kuwa kitanzi, ama inakutana na nyingine, ama inaishia kwenye mpaka wa punje, ama inatokeza juu ya uso wa metali. Likumbuke hilo la mwisho.

Kuitambua dislokesheni kwenye karatasi ni jambo la dakika chache, na kwa maoni yangu mwanafunzi asiruhusiwe kugusa picha ya hadubini kabla hajalifanya. Chukua daftari la hesabu la miraba, weka nukta kwenye kila makutano, kisha chora upya sehemu moja ambamo safu wima inaishia katikati. Sasa tembea kwa kalamu: hatua tano kulia, tano juu, tano kushoto, tano chini. Mahali ambapo mpangilio ni kamili utarudi ulipoanzia. Ukiizunguka ile safu iliyokatika, hutarudi. Utabaki hatua moja nje. Mshale unaoziba pengo hilo unaitwa vekta ya Burgers, kwa jina la Mholanzi Jan Burgers aliyeieleza mwaka 1939. Kwenye dislokesheni ya ukingo mshale huo unaukata mstari kwa pembe mraba. Kwenye ya skrubu unalala sambamba nao. Mstari unaweza kupinda utakavyo, mshale haubadiliki. Kwa hiyo anayesema ameitambua dislokesheni awe na majibu mawili: mstari unapita wapi, na vekta yake inaelekea wapi. Mwenye jibu la kwanza tu ameona, hajatambua.

Tuje kwenye metali halisi. Dalili ya zamani kuliko zote ilionwa Cambridge mwishoni mwa karne ya 19 na James Ewing na Walter Rosenhain. Waling'arisha metali mpaka ikawa kioo, wakaivuta kidogo, wakatazama kwenye hadubini: ndani ya kila punje kulikuwa na mistari myembamba iliyo sambamba, na kila mpaka wa punje ulipovukwa mistari ilibadili mwelekeo. Mistari ile ilikuwa vingazi vidogo, mahali ambapo metali imeteleza. Hili unaweza kulijaribu. Kata kipande cha shaba nene, kichome vizuri ili punje zikue, kisugue kwa msasa wa maji ukianza na mkali kwenda laini, umalizie kwa dawa ya kung'arishia shaba, halafu kikunje kidogo tu. Hadubini ya shule yenye taa chini haitasaidia kwa sababu mwanga haupiti kwenye metali. Tumia inayomulika kutoka juu, au elekeza tochi kwa pembeni. Ila usiseme umeona dislokesheni. Kila kingazi kinachoonekana ni kazi ya mamia ya dislokesheni zilizopita hapo zikatoka. Ni nyayo za waliokwisha ondoka.

Waliobaki wanatafutwa kwa asidi. Hapa ndipo lile sharti linaponufaisha: kwa kuwa dislokesheni nyingi zinatokeza usoni, pale zinapotokeza atomi hazijakaa sawasawa, na asidi iliyochaguliwa vizuri inapakula haraka kuliko pengine. Kinabaki kishimo chenye ncha. Kwenye shaba, uso wa fuwele uliokatwa kwa mwelekeo fulani unatoa vishimo vya pembe tatu, uliokatwa kwa mwelekeo mwingine unatoa vya pembe nne, kwa hiyo umbo la kishimo peke yake linakwambia fuwele imeelekeaje. Unahesabu vishimo katika eneo unalolijua, unapata wingi wa dislokesheni kwa sentimita mraba.

Shida ni kwamba si kila kishimo ni dislokesheni. Uchafu nao unachimba, mkwaruzo nao unachimba. Njia ya kuwatenganisha ni rahisi na inapendeza: ng'arisha uso tena uondoe tabaka jembamba, mwagia asidi upya. Dislokesheni ni mstari unaoendelea chini, hivyo kishimo chake kitarudi karibu na pale pale. Cha uchafu hakirudi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 John Gilman na William Johnston, wakitumia fuwele za chumvi ya lithiamu floridi, waliifikisha mbali zaidi mbinu hii. Walichimba vishimo, wakaikandamiza fuwele, wakachimba tena. Dislokesheni iliyohama iliacha kishimo chake cha zamani kikipanuka na kuwa bapa chini, na mahali ilipofika kikaanza kipya chenye ncha. Umbali kati ya viwili hivyo, ukigawanya kwa muda wa kukandamiza, ni kasi ya dislokesheni. Kwa metali iliyofuliwa sana, hata hivyo, asidi haifai: mistari imesongamana, vishimo vinamezana, na unachobaki nacho ni uso uliochakaa.

Kwa hiyo iko hadubini ya elektroni. Mwaka 1956 Peter Hirsch, Robert Horne na Michael Whelan, huko Cambridge, walitazama utando wa aluminiamu na kuona mistari myeusi ikitembea. Mwaka huo huo Walter Bollmann, aliyekuwa Geneva, alitoa picha za dislokesheni kwenye chuma cha pua. Miaka 22 ya kubishana juu ya kitu kisichoonekana ikaisha.

Maandalizi ndiyo yanayokula muda. Elektroni hazipenyi metali nene, hivyo kipande kinakatwa kuwa kisahani cha upana wa milimita 3, kinasuguliwa, kisha kinapigwa pande zote mbili kwa mchirizi wa kimiminika chenye asidi na umeme mpaka katikati patoboke. Tundu lenyewe halina kazi. Kinachotazamwa ni kingo za tundu, ambako unene umebaki nanomita 100 hivi. Ukikunja kisahani kidogo kwa kibano umeshaongeza dislokesheni zako mwenyewe, na utazipiga picha ukidhani ni za bomba.

Je, mstari mweusi ni nini hasa? Si shimo, na si atomi nyeusi. Matabaka ya atomi yaliyo jirani na dislokesheni yamepindishwa kidogo, na kupinda huko kunayaweka katika pembe inayotupa elektroni pembeni badala ya kuziacha zipite moja kwa moja. Palipotupwa elektroni, picha inakuwa nyeusi. Sasa fikiri upande wa pili: kama umeelekeza kisahani ili matabaka yanayoakisi yawe yale ambayo vekta ya Burgers imelala ndani yake, atomi zinasogea sambamba na matabaka hayo bila kuyapindisha. Mstari unatoweka. Bado upo, ila hauonekani.

Kutoweka huko ndiko kunakotambulisha. Mtaalamu anainamisha kisahani huku na huku, anapiga picha ya eneo lile lile kwa matabaka tofauti, na kwa kila mstari anaandika umeonekana wapi na umepotea wapi. Ukipotea kwa seti mbili tofauti za matabaka, vekta yake lazima iwe imelala ndani ya zote mbili, na matabaka mawili yanakutana kwenye mwelekeo mmoja tu. Huo ndio mwelekeo wa vekta. Ulinganishe na mwelekeo wa mstari, utajua kama ni ukingo, skrubu au mchanganyiko. Tahadhari iko kwenye dislokesheni za ukingo, ambazo mara nyingine hazipotei kabisa bali zinaacha kivuli hafifu, kwa sababu matabaka yanavimba kidogo juu ya ukingo. Anayesoma kivuli hicho kama mstari kamili atatoa vekta isiyo sahihi. Ukiona milia iliyo sambamba, ya giza na mwanga kwa zamu, hiyo si dislokesheni: ni kasoro ya mpangilio wa matabaka, bapa lililoegama ndani ya utando.

Nafasi tupu hazina uso wa kuonyesha, zinahesabiwa kwa ujanja. Mwaka 1960 Ralph Simmons na Robert Balluffi walipasha aluminiamu huku wakipima vitu viwili kwa pamoja: urefu wa kipande, na kwa eksirei umbali kati ya atomi. Urefu uliongezeka kuliko umbali wa atomi ulivyoweza kueleza. Ziada ile ni nafasi mpya zilizoongezeka ndani, na karibu na kuyeyuka zilifika kama 9 kwa kila atomi 10,000. Ukiipoza aluminiamu ghafla, nafasi hizo zinanaswa, zinakusanyika kuwa sahani nyembamba, na sahani zikiporomoka zinageuka vitanzi vya dislokesheni ambavyo hadubini ya elektroni inaviona vizuri.

Sasa bomba la fundi. Wingi wa dislokesheni hupimwa kwa urefu wa mistari ndani ya ujazo. Shaba iliyolegezwa kwa moto ina kama milioni moja hadi milioni mia za sentimita ndani ya sentimita moja ya ujazo, yaani kilomita 10 hadi 1,000. Iliyofuliwa sana inafika kilomita milioni moja na zaidi. Reli ya Dar es Salaam hadi Kigoma mara 800, ndani ya kipande unachokificha kiganjani. Zikiwa nyingi hivyo zinakwamana, moja inaizuia nyingine, na ndiko kukaza anakokusema fundi. Moto unazipa atomi uwezo wa kuhama. Punje mpya zenye dislokesheni chache zinachipua palipobanana zaidi na kuzila za zamani. Maji hayaidhuru shaba, kwa sababu inapopoa haibadili mpangilio. Usimuige kwenye patasi. Chuma kina mpangilio mwingine juu ya nyuzi 912, na chuma chenye kaboni ya kutosha kikitoka kwenye joto la namna hiyo kwenda majini kinanasa kaboni mahali pasipoitosha, kinakuwa kigumu na chepesi kuvunjika.

Kaboni na nitrojeni zina mchezo mwingine ambao wajenzi wanaujua kwa hasara. Mwaka 1949 Alan Cottrell na Bruce Bilby walieleza kwamba atomi hizi ndogo hukimbilia kwenye dislokesheni, ambako kuna nafasi, na zikishakaa zinaifunga isitembee. Ndiyo sababu nondo iliyokunjwa, ikaachwa juani miezi kadhaa, kisha ikanyooshwa, inaweza kukatika pale pale penye kona ingawa siku ya kwanza ilikunjika vizuri. Wapimaji wa nondo wanaiga hali hiyo makusudi: wanaikunja, wanaipasha mpaka nyuzi 100 ili kuzeesha haraka, kisha wanaifungua na kuangalia kama imepasuka.

Na kuna ambao hawawezi kukata kipande. MV Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika, ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa Kigoma vipande vipande ndani ya makasha, ikazamishwa mwaka 1916, ikaopolewa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927. Anayetaka kujua bamba la meli ya namna hiyo lina punje za namna gani analing'arisha doa dogo pale pale, analipaka asidi ya naitriki iliyochanganywa na spiriti kwa asilimia 2 hadi 5 (isizidi, na isihifadhiwe kwenye chupa iliyofungwa kabisa), kisha anabandika utando wa plastiki uliolainishwa kwa asetoni. Ukikauka anaubandua, na alama za uso zimebaki kwenye plastiki, tayari kwenda kwenye hadubini mji mwingine. Utaona punje, mipaka yake, na takataka za kiwandani zilizolala kama nyuzi. Dislokesheni hutaziona. Hizo zinataka kisahani cha milimita 3 kilichotoka ndani ya bamba, na sijui mwenye meli atakayekubali itobolewe chini ya mstari wa maji kwa ajili ya picha.